Weee, Spika Hizi! Besi ya Mbao Imeingia Makandana

Ndugu yangu, acha unachofanya. Acha kabisa! Natoka kusikiliza jazi kwenye sebule moja hapa Makandana, Tukuyu, masikio bado yanawaka, mikono haitulii, na lazima nikuwahi kabla hujalipia ile sabufa uliyoniambia.

Ni spika za Wharfedale Diamond, jozi ya mtumba. Visanduku vidogo, vidogo mno, vyeusi, vizito ajabu ukivinyanyua, vya baridi ukivigusa. Na bado! Mwenyeji akaweka ile rekodi ya mpiga piano Bill Evans iliyochukuliwa moja kwa moja kwenye klabu ya Village Vanguard, New York, Juni 1961. Jamani! Besi ile kubwa ya kusimama ya Scott LaFaro ikaingia sebuleni. Si mdundo wa kutikisa vikombe kabatini, hapana, hapana! Ni kidole kinavuta uzi, uzi unalia, mbao inanguruma nyuma yake, nzito, tamu, yenye joto, mpaka unataka kunyoosha mkono uishike. Brashi za Paul Motian zinasugua ngozi ya ngoma, shwaa, shwaa, kavu, laini, karibu kabisa na goti lako. Na bado! Kule nyuma glasi zinagongana, watu wananong'ona, mtu anacheka. Siku chache baadaye LaFaro akafa kwa ajali ya gari, ana miaka 25 tu, na sisi tumevisikia vidole vyake leo, huku kwenye migomba!

Sasa nisikilize vizuri. Sabufa ni nzuri sana kwa sherehe, lakini besi ya jazi inatembea, inapanda, inashuka, inasita, na sabufa nyingi zinakupa dum moja ileile mwanzo mpaka mwisho. Ukiwa dukani mwombe muuzaji apunguze sauti, chini kabisa, halafu ifuatishe besi kwa mdomo, kimyakimya. Ukiweza kuimba nayo noti kwa noti, hapo hapo! Ukipotea, aga uondoke. Na kama ni mtumba, pitisha kidole taratibu kwenye ule ukingo unaozunguka koni. Ukiwa wa sponji unamong'onyoka wenyewe kwa uzee, na unyevu huu wa Tukuyu hauusaidii hata kidogo. Wa mpira, ulio laini, usio na ufa, ndio wa kuchukua.

Halafu tukazisogeza spika! Zilikuwa zimebanwa pembeni ukutani, tukazivuta mbele hatua moja, tukatandika mkeka kwenye ile sakafu ya saruji, tukashusha mapazia mazito, nikakaa katikati yake, na ghafla ukuta ukatoweka. Kweli kabisa, ukuta ukatoweka! Piano kule, ngoma huku, besi mbele yangu, na spika zenyewe ziko kimya kama hazihusiki. Nasikia Gilbert Briggs, aliyeianzisha Wharfedale nyumbani kwake Yorkshire mwaka 1932, alikodi ukumbi wa Royal Festival Hall jijini London mwaka 1954 akawaweka wapigaji hai na spika zake mbele ya watu ili walinganishe kwa masikio yao. Ujasiri gani huo!

Na bado, na bado! Lile lililonitoa machozi lilikuja mwisho. Albamu ya Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960, Tanganyika ikiwa bado mwaka mzima kabla ya uhuru wake. Melba Liston kaupanga muziki, Langston Hughes kaandika maneno, Max Roach na Olatunji wako kwenye ngoma, na anayesoma kwa Kiswahili ni nani? Tuntemeke Sanga! Sanga, ndugu yangu, jina la Wakinga, wa kule Makete, upande wa pili wa Kitulo! Kwenye simu nilikuwa nasikia sauti tu. Kwenye spika hizi nilisikia kifua, nilisikia ulimi unavyoligusa kila neno, Kiswahili chetu kimesimama wima studio ya New York katikati ya tarumbeta na saksafoni. Ngoma zikaingia zote kwa pamoja, kubwa, pana, zinazotofautiana kila moja, hakuna iliyoimeza nyingine. Mama wa jirani akachungulia mlangoni akauliza ni akina nani wanapiga ngoma humu ndani, akakaribishwa, akakaa, chai ikapoa mkononi mwake!

Kisha mvua. Unaijua mvua yetu, ikilishukia bati hakuna piano inayosikika, tukazima.

Lakini Jumamosi mwenyeji anafungua tena, na nimeshamwambia unakuja. Beba wimbo mmoja unaoujua mpaka pale mwimbaji anapovuta pumzi. Wahi asubuhi, bati likiwa bado kavu, na hiyo pesa ya sabufa usimpe mtu!