Siri ya Mtungi: Urejeo na Ukimya katika Gravel Heart

Motifu ya mhusika anayerejea kwao kufukua siri ya ukoo huandamana kwa kawaida na ahadi moja: kwamba ukweli, ukishajulikana, utaponya. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Gravel Heart (2017), inaitumia motifu hiyo na papo hapo kuitilia shaka ahadi yake.

Salim anakulia Zanzibar bila kuelewa ni kwa nini Masud, babaye, alihama nyumbani akaenda kuishi katika chumba nyuma ya duka, wala kwa nini Saida, mamaye, aliendelea kumpelekea chakula kila siku. Amir, mjombaye, anamchukua London. Ni baada ya kifo cha mama ndipo anaporejea na kusimuliwa na babaye yaliyotukia: Amir alifungwa kwa sababu ya uhusiano wake na dada wa Hakim, mtu mwenye nguvu serikalini, na bei ya kuachiliwa kwake ilikuwa mwili wa Saida.

Huenda ikadaiwa kwamba kuichelewesha siri hii hadi sehemu ya mwisho ni hila ya taharuki tu. Dai hilo halitoshi. Ukimya wa riwaya ni ukimya wa jamii inayosawiriwa, ambamo sitara huthaminiwa kuliko maelezo, na kulitaja tendo la mkubwa ni hatari. Chakula kile cha kila siku chasema kisichothubutu kusemwa. Kadhalika barua ambazo Salim humwandikia mamaye, nyingine asizipeleke. Hapa fani imefungamana na maudhui.

Jina la riwaya limetoka katika tamthilia ya Shakespeare, Measure for Measure, ambamo Isabella anatakiwa kuutoa mwili wake ili amwokoe nduguye. Tofauti ndiyo yenye uzito. Isabella anakataa, na mtawala aliyejibadili sura anajitokeza mwishoni kutoa hukumu. Saida anakubali, wala hapatokei mtawala wa kumtetea, kwa kuwa utawala wenyewe ndio mkosaji. Hivyo siri ya nyumba moja inakuwa sehemu ya historia ya Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964.

Hata hivyo, lipo pengo. Siri ya mtungi aijuaye kata, nayo kata imevunjika kabla ya kuulizwa. Karibu yote anayoyajua msomaji kuhusu uamuzi wa Saida yamepitia kinywa cha mume aliyejiona amefedheheshwa. Masud anasimulia kwa huruma, ila maumivu yake yanatangulia na ya mkewe yanafuata. Je, hii ni kasoro au makusudi? Yaelekea ni vyote viwili. Gurnah anaonyesha jinsi wanaume wanavyorithi hata kisa cha mwanamke walioshindwa kumlinda. Lakini hampi Saida, aliye hai katika kurasa za mwanzo, nafasi ya kukisahihisha.

Salim anarudi Uingereza akiwa amepata jibu pasipo faraja. Amejua kwa nini nyumba yao ilivunjika, ila aliyestahili kuulizwa kwanza hayupo tena.