Ngumi, Ukingo, Kiganja

Kipimo cha ubongo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji kalamu. Mpimaji anagonga meza kwa ngumi, kisha ukingo wa mkono, kisha kiganja. Anarudia mara tatu bila neno, mgonjwa akimtazama, wanagonga pamoja, halafu mgonjwa anaachiwa. Akifululiza mizunguko sita bila kukosea, anapata alama zote. Ni urithi wa Aleksandr Luria, Mrusi aliyehudumia askari waliojeruhiwa ubongo katika Vita Kuu ya Pili, na hupima sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga mambo na kumzuia mtu asiropoke.

Huku Arua, Uganda, kazi ya kipimo hicho ipo. Kijana wa bodaboda anaanguka barabara ya Koboko bila helmeti. Kidonda kinapona, lakini nyumbani wanasema huyu siye: anatukana wazee, anagawa pesa ovyo, anacheka msibani. Ukimpa dodoso la matatizo ya haiba pengine litamnasa, na litakuwa limekosea, kwani matatizo hayo huanza kujitokeza ujanani, na haya yake yana tarehe. Mpimaji hodari humwita shangazi kando: "Kabla ya ajali alikuwaje?" Kwangu mimi, swali hilo linashinda kurasa kumi za dodoso.

Ustadi wenyewe ni kujua pia kipimo kinapokwisha nguvu. Mwambie mama wa Kikongo kambini Lobule, ambaye hajawahi kushika penseli, achore uso wa saa. Utapata duara lililopinda, na kuhusu ubongo wake hujajua kitu. Muulize mkimbizi aliyeukimbia mji wa Yei, Sudan Kusini, usiku kama anahisi kuna watu wanamwinda. Akisema ndiyo, huenda anakusimulia tu yaliyompata.

Halafu kuna sauti. Tarakimu za kupima kumbukumbu husomwa moja kwa sekunde, sauti ikiwa sawa, maana ukizikata mafungumafungu kama namba ya simu umeshamsaidia. Akipatia, hutikisi kichwa. (Jaribu uone ilivyo vigumu.)

Usawa huo ndio unaofanya matokeo yaaminike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia wakimbizi 43 wa Sudan kambini Imvepi. Mwaka mmoja baada ya matibabu, kati ya waliosimulia maisha yao yote kwa mpangilio, wakiyapitia na yale ya kutisha, ni asilimia 29 tu waliobaki na ugonjwa wa kiwewe. Katika makundi mawili yaliyopewa msaada wa aina nyingine, karibu asilimia 80. Tofauti hiyo isingeaminika kama wahoji wangeuliza kwa huruma upande mmoja na kwa haraka upande mwingine.