Umri wa Ramani na Kazi ya Charles Close Society

Mwenye kuitazama ramani kwa haraka aghalabu huridhika na mwaka uliochapwa pambizoni, akadhani kwamba njia, vijiji, misitu na madaraja yote yaliyomo yalikuwapo kwa pamoja mwaka huo. Na dhana hiyo, mintarafu ya ramani za Ordnance Survey, ile idara ya upimaji iliyoasisiwa Uingereza mwaka 1791, ni mtego mtupu. Kuutegua mtego huo ndiko kulikokishughulisha zaidi Charles Close Society, chama kilichoundwa mwaka 1980 na wapenzi wa ramani hizo, ambacho hakikumdai mwanachama awe mpima wala mwalimu wa jiografia, bali awe na hamu, na ikiwezekana awe na kasha la ramani kuukuu nyumbani kwake.

Jina walilolichagua si geni katika nchi zetu. Mwaka 1898 Charles Close, wakati huo kapteni wa jeshi, aliongoza upande wa Waingereza katika tume ya kuutafuta juu ya ardhi mpaka wa baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambao Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimeukubali mezani huko Berlin tarehe 1 Julai 1890. Na mstari ule unaoufuata mto Songwe upande mmoja na mto Kalambo upande wa pili ndio unaotenganisha hata leo Tanzania na Malawi na Zambia. Baadaye aliiongoza Ordnance Survey kuanzia 1911 hadi 1922, na mwaka 1926 akatoa kitabu juu ya miaka ya mwanzo ya idara hiyo, jambo ambalo kwa rai yangu lilimstahilisha heshima ile kuliko cheo chake.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe, nayo haieleweki ila kwa kulijua bamba la shaba. Ramani za zamani za inchi moja kwa maili zilichongwa juu ya mabamba ya shaba, na bamba la namna hiyo, kwa kuwa liligharimu kazi ya muda mrefu, halikutupwa kila ilipojengwa nyumba au barabara: fundi alikwangua mstari wa zamani, akaligonga bamba kwa nyundo upande wa nyuma hata shaba ikainuka sawasawa na uso, akalisugua likawa laini, ndipo akachonga mstari mpya. Tena, tangu miaka ya 1840, bamba liliweza kuzaa bamba jingine kwa nguvu ya umeme, shaba ikijitandaza tabaka kwa tabaka ndani ya maji ya dawa, hata bamba moja likawa na wajukuu, kila mmoja na masahihisho yake. Mathalani, karatasi za jimbo la Devon zilitolewa mwaka 1809; walakini zipo nakala zenye tarehe hiyo hiyo pambizoni ambazo zinaonyesha reli ikiingia Exeter, na reli haikufika Exeter hadi 1844. Tarehe haikusema uongo, bali ilitaja kuzaliwa kwa bamba ikanyamaza juu ya maisha yake.

Kwa hiyo wanachama huweka nakala mbili za karatasi moja ubavu kwa ubavu, wakazipekua mstari kwa mstari. Ikiwa ya kwanza ina reli fulani na haina tawi lake, na miaka ya kufunguliwa kwa njia hizo mbili inajulikana, umri wa chapa ile umebanwa baina ya miaka hiyo. Hoja hii lakini ina udhaifu: kukosekana kwa reli huenda ni uzito wa fundi tu, na kuwapo kwake kusichukuliwe kuwa hukumu, maana njia iliweza kuchongwa ingali inajengwa. Ndiyo sababu hutafutwa ushahidi wa pili na wa tatu: bei, anwani ya mchapaji, aina ya karatasi, hata jalada, ingawa jalada nalo ni shahidi wa kutiliwa shaka, kwani akiba ya majalada ya zamani iliweza kubandikwa juu ya ramani mpya. Katika mfululizo wa saba wa ramani hizo za inchi moja, ulioanza kutoka mwaka 1952, kazi ni nyepesi, kwa kuwa pambizoni mna herufi A, B, C na kuendelea, na vijistari na nyota vya kuarifu masahihisho madogo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini wasiende tu kwenye daftari za idara. Mwaka 1940 ndege za Wajerumani ziliupiga mji wa Southampton, zilipokuwa ofisi za Ordnance Survey, na kumbukumbu nyingi zikateketea. Ushahidi uliosalia ukawa umetawanyika katika maktaba na katika makabati ya watu waliozinunua ramani hizo kwa ajili ya matembezi. Hapo mpenzi wa ramani mwenye nakala kumi za karatasi moja, ambaye jirani zake humwona punguani, akawa na kitu ambacho idara yenyewe haikuwa nacho.

Matokeo huchapwa katika jarida lao, *Sheetlines*, linalotoka mara tatu kwa mwaka tangu 1981, na katika vitabu, ambavyo mashuhuri miongoni mwavyo ni kile cha Yolande Hodson cha mwaka 1999 kuhusu ramani za inchi moja za 1919 hadi 1926. Sitaficha kwamba baadhi ya makala hizo huchosha, maana mwandishi huweza kufuata nukta moja iliyohama kwa kurasa nyingi. Ila mtu atakaye kujua njia ya miguu ilikuwapo lini, kwa kesi ya ardhi au kwa historia ya kijiji, hataona kuwa kurasa hizo ni nyingi.

Utaratibu huo wa kuutafuta umri wa ramani hauhitaji bamba la shaba. Twaa karatasi yoyote ya Tanzania ya mfululizo wa Y742, wa kipimo cha 1:50,000, uisome pambizo kabla ya ramani: mwaka wa kupigwa picha za ndege ni mmoja, mwaka wa kuchapwa ni mwingine, na shamba la mkonge unaloliona katikati ni la ule mwaka wa kwanza.