Kulisoma Gari la Kale Mnadani

Agosti 2018, huko Monterey, California, dalali wa RM Sotheby's aligonga nyundo kwa dola milioni 44, na Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962 ikapata mwenyewe mpya. Magazeti yakaandika dola 48,405,000. Hakuna aliyekosea. Nyumba ya mnada ilitoza ada ya mnunuzi: 12% ya dola 250,000 za kwanza na 10% ya zote zilizobaki. Asiyejua kwamba bei za magazetini zimeshaingizwa ada huenda mnadani na hesabu mbovu kichwani. Hulinganisha bei ya nyundo yake na bei ya jumla ya mwenzake, akajiona amepata cha bwerere.

Tuwaachie matajiri Ferrari yao. Tuchukue Jaguar E-Type, gari lililotengenezwa kwa makumi ya maelfu kati ya 1961 na 1974, na ambalo halikosekani katika minada ya Uingereza. Tuseme nyundo imegonga kwa pauni 60,000 na ada ni 15%, yaani pauni 9,000. Juu ya ada hiyo kuna VAT ya 20%, pauni 1,800. Umeshafika 70,800 na gari bado limeegeshwa ukumbini. Kama lililetwa kutoka Marekani kwa ajili ya mnada huo, huenda kando ya namba yake kwenye katalogi kuna alama ndogo. Maana yake kodi ya kuliingiza nchini inakungoja wewe. Ongeza usafiri, bima na malipo ya kulihifadhi ukichelewa kulichukua. Yote hayo yamo katika masharti ya mnada, kwa herufi ndogo ambazo wengi huzisoma wakiwa wameshalipa.

Hiyo, hata hivyo, ni kazi ya karani. Ujuzi wenyewe ni kujua kipi utaweza kukinunua baadaye na kipi hutaweza. Karibu kila kinachong'aa kwenye E-Type kinauzwa: ngozi ya viti, bampa za kromu, raba za milango. Hata injini hufumuliwa ikasukwa upya, na fundi atakutajia bei kabla hajashika spana. Lipia kwa moyo mweupe vile visivyouzwa dukani: bodi iliyobaki na unyoofu wake wa kiwandani, na namba zinazokubaliana.

Bodi kwanza. E-Type haina chesisi ya kawaida. Katikati ni ganda la mabati yaliyochomelewa, na mbele yake kumefungwa kwa bolti fremu ya mabomba ya chuma inayobeba injini. Kutu huanzia ndani ya vizingiti vya milango, sakafuni, na pale inaposhikizwa mikono ya sasipensheni ya nyuma. Mabomba nayo huoza kwa ndani huku rangi ya nje ikiwa safi kabisa. Kwa hiyo achana na rangi, chuchumaa. Fuata kwa jicho mwanya wa mlango kutoka juu hadi chini. Ukiwa umebana juu na kupanuka chini, hasa kwenye gari la wazi, ganda limelegea katikati. Pengine vizingiti vilikatwa na kuchomelewa upya bila ganda kuegemezwa vizuri. Omba ruhusa upitishe sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye vizingiti na matao ya magurudumu ya nyuma. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Malizia na boneti, lile pande refu la paneli nyingi. Kulikalisha sawa ni kazi ya uvumilivu, na fundi aliyeharakisha hapo aliharakisha na kwingine. Mimi binafsi rangi inayonukia upya wiki ya mnada hunitia shaka kuliko rangi iliyochakaa.

Kisha namba. Bamba la kiwanda linaonyesha nne: ya chesisi, ya injini, ya bodi na ya giaboksi. Jaguar Daimler Heritage Trust hutoa cheti kutoka kumbukumbu za kiwanda chenye namba hizo, rangi ya awali na tarehe ya kuundwa. Linganisha cheti na namba zilizogongwa kwenye chuma chenyewe, kwa sababu bamba jipya halimshindi mtu kutengenezesha. Ya injini iko kwenye bloku, juu ya chujio la oili. Tazama kama chuma hapo kimesagwa. Magari ya mwanzo kabisa ya 1961, yenye sakafu bapa na makufuli ya boneti kwa nje, huuzwa ghali zaidi, kwa hiyo hapo ndipo pa kuwa na jicho kali. Na katalogi ikisema "inaaminika" au "kwa maelezo ya muuzaji", fahamu kwamba nyumba ya mnada haikuthibitisha na haitabeba lawama.

Uhalisi wenyewe una utata wake. Bentley iitwayo Old Number One ilishinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na 1930, kisha ikabadilishwa injini, fremu na bodi mara kadhaa. Mwaka 1990 kampuni iliyokubali kuinunua kwa pauni milioni 10 ilikataa kulipa, ikidai kilichobaki si gari lile. Kesi ilipofika mahakamani, Jaji Otton aliamua kwamba ndilo, kwa kuwa historia yake haikukatika wakati wowote. Naukubali uamuzi huo, ila unatudai makaratasi: stakabadhi za gereji, picha zenye tarehe, kadi za umiliki zinazofuatana bila pengo. Ukiambiwa Datsun 240Z fulani ilikimbia Safari Rally miaka ya sabini, dai picha inayoonyesha namba yake ya usajili. Hata hapo endelea kudadisi, maana timu za kiwanda ziliwahi kuhamishia namba za usajili kwenye bodi mpya. Kampuni ya BMC ilifanya hivyo na Mini zake za rali.

Ukumbini joto hupanda. Mwaka 2019, Monterey hiyo hiyo, skrini ilionyesha Porsche Type 64 imefika dola milioni 70 na watu wakashangilia. Dalali akasema alitaja 17. Gari halikuuzwa. Basi kiwango chako kiandike nyumbani, kikiwa cha jumla, kisha ukigawanye kwa 1.18 kama ada ni 15% pamoja na VAT yake: ukiwa na 70,000, mkono wako unakoma kwenye 59,300. Kumbuka pia kwamba dalali anaruhusiwa kutaja bei kwa niaba ya muuzaji hadi kima cha chini cha siri, ambacho muuzaji hakubali kuuza chini yake, kwa hiyo huenda unashindana na ukuta. Gari likishindwa kufika hapo, usiondoke. Mfuate karani wa mauzo baada ya mnada. Muuzaji anayefikiria gharama ya kulirudisha gari nyumbani huwa tayari kuzungumza.