Mtumishi asiyetumwa: maoni yangu juu ya faharasa ya mafaili kwenye Linux

Wandugu wasomi, leo siandiki juu ya viazi wala mmomonyoko wa udongo. Nataka kukosoa kitu kinachofanya kazi ndani ya mashini zetu bila sisi kukituma.

Wengi wetu hapa Rubaya tuliingia Linux juu mashini zetu ni za mitumba, zingine bado ziko na diski ya zamani ya kuzunguka, na kila mtu anasema Linux ni nyepesi. Unaweka Ubuntu, unanakili foto za mashamba na kazi yako ya mwisho ya licence, kisha mashini inapata moto, feni inalia, na haujafungua hata programu moja. Jirani anasema ni virusi. Hapana. Mara nyingi ni faharasa.

GNOME, ambayo Ubuntu inatumia, iko na programu inaitwa Tracker; tangu GNOME 47 ya mwaka 2024 jina lake ni LocalSearch. KDE iko na Baloo, iliyokuja mwaka 2014 kuchukua nafasi ya Nepomuk. Zote zinapitia folda zako, zinasoma majina ya mafaili na hata maneno yaliyo ndani, zinaandika yote mahali pamoja. Siku unatafuta "maharagwe", jibu linakuja mara moja. Ni kama mtunza maktaba anayeandika kadi ya kila kitabu. Wazo lenyewe ni zuri, sitalikataa.

Shida ya kwanza ni umeme. Tuseme haki: Tracker imepangwa ipumzike wakati mashini iko kwenye betri, isipokuwa ile mara ya kwanza ya kusoma. Lakini kwetu, hata ukichomeka mashini, umeme unatoka kwenye betri ya nyumba iliyojazwa na panno ya jua. Mashini inaona waya, inafikiri umeme ni mwingi. Haijui kama jua limezama saa kumi na mbili na kwamba betri ileile inangojewa na taa na simu tatu. Walioipanga walifikiria mtu ambaye waya kwake ni umeme usioisha.

Shida ya pili ni nzito zaidi. Sisi watu wa kilimo tunabeba orodha: majina ya wakulima waliopata mbegu, vijiji, namba za simu. Huku Masisi, orodha ya majina si karatasi tu, kila mtu anaelewa. Ukiiweka ndani ya Documents, maneno yake yanaandikwa tena kwenye folda iliyofichwa ambayo haukuichagua, na hakuna aliyekuuliza.

Shida ya tatu ni dawa zenyewe. Jina limebadilika, kwa hiyo amri ya jana haifanyi kazi leo. Wengine wanang'oa pakiti nzima, halafu programu zinazoitegemea, kama GNOME Music, zinaharibika. Using'oe. Zima tu.

Kama unataka kupunguza, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya utafutaji, ondoa folda usizotaka zisomwe. Kwa folda moja tu, weka ndani yake faili tupu yenye jina `.trackerignore`. Kama unataka kuzima yote kwenye GNOME:

`systemctl --user mask --now tracker-miner-fs-3.service`
`tracker3 reset --filesystem`

Kwenye toleo jipya, huduma ni `localsearch-3.service` na amri ya pili inaanza na `localsearch`. Kwa KDE ni `balooctl disable`, kisha `balooctl purge`. Kwenye Plasma 6 unaandika `balooctl6`. Usisahau ile amri ya pili: ya kwanza inasimamisha kazi, ya pili njo inafuta yaliyokwisha kuandikwa.

Utapoteza kitu? Ndiyo. Kutafuta kwa jina kutabaki, ila polepole, na kutafuta maneno yaliyo ndani ya PDF kutaisha. Mwenye mafaili elfu nyingi na mashini yenye nguvu aiache tu. Na kama mashini yako imechoka kabisa, chukua XFCE, haina mtumishi wa namna hiyo.

Udongo wa hapa unatoa koltani, na tantali yake inaingia ndani ya simu na kompyuta za dunia nzima. Mashini inaturudia imezeeka, tena imepangiliwa mtu mwingine. Sisemi watengenezaji ni wabaya. Programu hizi ni za bure na kila mtu anaweza kuzisoma. Nasema tu siku ya kwanza ingetosha swali moja kwenye kioo: "Nisome mafaili yako, ndiyo ao hapana?" Wengine wetu tungesema ndiyo. Lakini tungekuwa tumeulizwa.