Dakika 45 za Makanika

Kutoka Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda, hadi Naivasha ni mwendo mrefu: Lodwar, Kitale, Nakuru, ndipo ufike. Lakini Mturkana anayeyajua magari akiingia kambi ya mafundi wa Safari Rally, hatakosa la kutambua. Ni lile bomba la hewa lililopandishwa ubavuni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Land Cruiser nyingi za Turkana zinalo.

Vumbi la Kedong, mojawapo ya njia za mashindano hayo, ni laini kama unga. Gari likilikanyaga, hufumka na kufunika boneti nzima. Injini ikilivuta, kichujio huziba na nguvu hupotea. Ndiyo maana hewa huvutwa kutoka juu, palipo na nafuu. Mwaka 2021, mashindano ya dunia yaliporejea Kenya baada ya kukosekana tangu 2002, dereva Kalle Rovanperä alikwama kwenye vumbi hilohilo.

Uhondo wenyewe ni jioni. Gari linaingia likiwa rangi ya udongo, na makanika wana dakika 45. Mmoja amelala chini ya giaboksi, mwingine anafungua shokomzoba, wa tatu anang'oa kichujio. Kila mkono unaijua spana yake. Gari likichelewa kutoka, dereva hutozwa sekunde 10 kwa kila dakika.

Na chuma hakina huruma. Mwaka huohuo wa 2021 dereva Thierry Neuville aliianza siku ya mwisho akiongoza kwa zaidi ya sekunde 50. Shokomzoba moja ya nyuma ikavunjika, safari yake ikaishia hapo, ushindi ukamwendea Sébastien Ogier.

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyaelewa hayo mapema, kwa kuwa alikuwa makanika kabla ya kuwa bingwa. Alishinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Mwaka 1974 gari lake dogo liliishinda Porsche ya Björn Waldegård. Alijua lini akanyage mafuta na lini alihurumie gari.

Huko Kakuma, Turkana, shirika la Don Bosco limewafundisha vijana wakimbizi na wenyeji ufundi wa magari. Vijana hao, pamoja na wenzao wa gereji za Lodwar, wanastahili kupelekwa Naivasha jioni moja, wasimame karibu na kamba, wahesabu dakika pamoja na mafundi wale.