Fundo la Igizo: Namna ya Kulipima Somo la Kuigiza

Mkufunzi anapoketi nyuma ya darasa huko Kaliua, mkoani Tabora, kumwangalia mwalimu tarajali, kinachomfikia kwanza ni kelele. Mtoto mmoja kajifunga shuka begani, mwingine kashika fimbo, wenzao wanacheka na kupiga makofi. Kwenye andalio la somo, mahali pa mbinu, pameandikwa “igizo dhima”. Ni rahisi kujaza alama za juu papo hapo na kwenda shule nyingine. Mimi ningesubiri kwanza. Makofi yanathibitisha kwamba watoto wamefurahi, na furaha ni jambo jema, lakini mtu anaweza kufurahi dakika 40 nzima asiondoke na chochote. Mwalimu mkuu, mjumbe wa kamati ya shule, na zaidi ya wote mwalimu tarajali mwenyewe, wanahitaji jicho la kutofautisha igizo linalofundisha na igizo linalopendeza tu.

Cha kutafuta kwanza ni fundo. Nikisema fundo nina maana ya mahali ndani ya igizo ambapo mtoto hawezi kuendelea bila kuamua jambo, na hawezi kuamua bila kutumia maarifa ya somo. Pasipo fundo, mengine yote ni mapambo.

Chukua kipindi cha Historia ya Tanzania na Maadili kuhusu biashara ya misafara. Mwalimu mmoja anaandika maneno ubaoni, watoto wanayakariri. Mrefu kuliko wote anapewa nafasi ya mtemi: “Mimi ndimi Mirambo, mtawala wa Urambo!” Wapagazi wanapita na mizigo kichwani, mtemi anadai hongo, yaani ushuru wa kupita, inatolewa, darasa linacheka, kwisha. Mwalimu wa pili anaanza na hali halisi. Mwaka ni 1871. Vita vimezuka kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora, na njia ya magharibi kwenda Ujiji imefungwa. Kila kundi ni msafara uliokwama Tabora. Una shanga, merikani na nyaya za shaba, una wapagazi wanaokula kila siku iendayo kwa Mungu, na chakula kinapungua. Je, mtasubiri vita viishe? Mtatuma wajumbe kwa Mirambo na hongo? Mtajiunga na Waarabu kupigana? Au mtazunguka kusini, njia ndefu, huku wapagazi wakiweza kutoroka?

Hapo pana fundo. Mtoto hawezi kujibu bila kujua hongo ilikuwa na kazi gani, mali zipi zilipokewa, umbali ukoje, mpagazi alilipwaje. Tena mtoto wa Kaliua ana bahati ambayo mtoto wa Dar es Salaam hana: reli inayopita mjini kwake inaachana papo hapo stesheni, tawi moja linaelekea Kigoma, la pili linashuka kusini hadi Mpanda. Njia panda haikuanza kumjia kitabuni. Mwalimu anayejua kuitumia stesheni hiyo kabla ya kuligusa somo amekwisha kufanya nusu ya kazi. Makundi yakishatetea maamuzi yao, ndipo anapowaambia msafiri Henry Stanley alifanya nini mwaka ule: kwanza aliungana na Waarabu dhidi ya Mirambo, wakashindwa, kisha akazunguka kusini hadi akafika Ujiji. Kundi lililochagua kuzunguka litashangilia. Lililochagua kutuma wajumbe litauliza kama kuna aliyewahi kujaribu kupatana na Mirambo, na swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi, kwa kuwa miaka michache baadaye, 1876, Stanley huyo huyo alikutana na Mirambo na wakafanya urafiki.

Namna nyepesi ya kulijaribu fundo ni kumbadilisha mchezaji. Mwite mtoto mwingine ashike nafasi ile ile. Igizo likienda vile vile, neno kwa neno, hapo hakuna anayefikiri, maneno yanapokezanwa tu. Likigeuka, kwa sababu huyu wa pili ni mwoga zaidi au kahesabu mizigo vizuri zaidi, basi kuna akili inayofanya kazi.

Naomba nisieleweke kwamba nadharau kukariri. Ngonjera, aliyoilea na kuieneza Mathias Mnyampala katika miaka ya 1960, ilipokewa shuleni kwa mikono miwili baada ya Azimio la Arusha, na hadi leo mtoto anayesimama siku ya mahafali akaitoa kwa sauti inayopanda na kushuka inavyostahili amejifunza lugha, pumzi na ujasiri. Ni sanaa kamili, na ihukumiwe kama sanaa. Kosa ni kuiandika ngonjera kwenye andalio la somo kana kwamba ni mbinu ya kumfanya mtoto atafakari. Majibu yote yamo ndani yake tangu mwanzo.

Hisabati ndiyo inayosahaulika sana, na Kaliua ndiko ingeweza kung’ara. Hii ni nchi ya tumbaku. Watoto wengi wameyaona mabani ya kuikaushia yakifuka moshi, wamesikia wazazi wakizungumza usiku juu ya daraja walilopewa na makato ya pembejeo. Basi darasa ligeuke soko la chama cha msingi: mkulima, mteuzi wa madaraja, karani wa mizani, mnunuzi. Kila robota lina uzito wake, kila daraja lina bei yake, na mkulima ana mkopo wa mbolea wa kurudisha. Fundo linakuja mteuzi anaposhusha daraja. Mkulima akatae au akubali? Hasara itakuwa kiasi gani? Akikubali, mkopo utalipika, na ada ya shule itabaki?

Mtazame mteuzi. Kwenye igizo hafifu ni mwizi mwenye kitambi, kila mtu anamcheka, na hesabu hazifanyiki. Kwenye igizo bora amepewa hoja za kweli: unyevu, rangi ya jani, uchafu uliochanganyika. Mtoto aliyeshika nafasi yake analazimika kuzitetea hoja hizo mbele ya mkulima ambaye naye ana hoja zake. Kipimo hiki nakiamini karibu sawa na kile cha fundo: je, kila mhusika ana sababu anazoweza kuzieleza? Pale ambapo upande mmoja ni mbaya tu na mwingine ni mwema tu, watoto hawana la kupima.

Mavazi na vifaa havinisumbui. Fimbo ni bunduki, kopo ni mizani, imetosha.

Mwalimu mwenyewe yuko wapi igizo likiendelea? Mwingereza Dorothy Heathcote, aliyefariki 2011, alipata sifa duniani kwa kuingia ndani ya igizo pamoja na wanafunzi wake, na mara nyingi alichagua nafasi ya mtu asiyejua au anayehitaji msaada, ili watoto wawe ndio wajuzi. Wazo hilo linafaa sana darasa letu, ambamo mtoto amezoea kunyamaza mbele ya mkubwa. Mwalimu akiwa Mirambo atahutubia, na watoto watasikiliza kama kawaida yao. Akiwa mpagazi mgeni kutoka pwani, asiyejua kwa nini lazima hongo itolewe, watoto itabidi wamweleze. Hesabu nani anazungumza zaidi. Sauti ya mwalimu ikizidi ya watoto wote ukizijumlisha, uhusika wake haujasaidia kitu, hata kama anaigiza vizuri mno.

Kisha geuza macho yako kwa waliokaa. Darasani kuna watoto 80, pengine zaidi, na wanaocheza ni watano. Hapa ndipo masomo mengi ya kuigiza huanguka, na mkaguzi haoni kwa sababu naye anawatazama wale watano. Chagua mtoto mmoja wa dawati la nyuma umfuate kipindi kizima. Ana kazi gani? Mwalimu aliyejiandaa huwa amempa: awe shahidi atakayeulizwa, awe karani anayeandika makato, au awe na haki ya kusema “simama” na kuingia kuchukua nafasi ya mchezaji, kama alivyofundisha mtaalamu wa maigizo Augusto Boal wa Brazili. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni hotuba za Bruto na Antonio juu ya maiti ya Kaizari, katika tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Julius Nyerere na kuchapwa mara ya kwanza 1963. Nyerere alisoma Tabora na baadaye akafundisha Tabora. Kwa kidato cha tatu, wawili wanahutubia, na darasa lote lililobaki ni umati unaopaswa kubadili msimamo na kusema ni hoja ipi iliyoubadilisha. Hakuna aliyebaki mtazamaji.

Watanzania hatuanzii sifuri katika hili. Mapema miaka ya 1980 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba: tatizo lilichaguliwa na wenyeji, likachunguzwa, likaigizwa, kisha watu wakakaa kulijadili. Mwaka 1996 Mlama na Lihamba wakaanzisha programu ya Tuseme kwa wasichana wa sekondari, nayo ikavuka mipaka kwenda nchi nyingine za Afrika. Ukiitazama kazi hiyo kwa makini utaona igizo liko katikati tu, linatanguliwa na uchunguzi na kufuatwa na mjadala na hatua. Mwalimu anayetumia dakika 35 kwa igizo na tano kwa maswali ameligeuza jambo juu chini. Mimi ningemtaka aishie dakika ya 15, watu wakiwa bado na hamu ya kuona.

Kuna jambo moja ambalo nalihukumu kwa ukali kuliko yote. Aliyecheza mwizi, mtoro au mlevi aondolewe katika nafasi hiyo waziwazi, mbele ya wote, kwa jina lake halisi, kabla kengele haijalia. La sivyo jina la igizo litamfuata uwanjani mwezi mzima. Na mtoto asishurutishwe kucheza machungu ya nyumbani kwao. Wilaya ya Kaliua ina Ulyankulu, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa waliokimbia mauaji Burundi, na madarasani wamo wajukuu wao. Wasichana wa Tuseme walichagua wenyewe la kusema. Mwalimu anayemchokonoa mtoto ili apate igizo la kuliza watu amevuka mpaka, na alama za ubunifu zisimwokoe.

Lugha nayo isikilizwe. Kundi likijipanga chini ya mwembe, utasikia Kisukuma, Kinyamwezi, Kiha. Mwalimu mzuri huacha mipango ipite kwa lugha inayokuja haraka, kisha anadai Kiswahili safi mbele ya darasa. Anayekemea mapema hubaki na wachezaji wale wale watatu wanaojua kujieleza.

Kwa mwalimu tarajali anayeanza, ushauri wangu ni kupunguza. Wahusika wawili, uamuzi mmoja, dakika kumi. Mwombe mwenzako akae nyuma aandike majina ya watoto ambao hawakufungua mdomo, na kesho yake wao ndio waanze. Halafu, siku mbili baadaye, kusanya madaftari na usome walichoandika kuhusu msafara au soko. Tafuta sentensi zenye “kwa sababu”, na uangalie kama kinachofuata baada ya neno hilo kimetoka kwenye somo au kimetoka kwenye vichekesho vya juzi.